Nani Anastahili Kumkamata Mwenzake?

Mwezi Februari mwaka jana, kiongozi wa mtaa wetu hapa Dzaleka alikuja nyumbani kuniomba nijiunge na polisi jamii. Alitoa sababu tatu: nimefika chuo, ninazungumza Kiswahili, Kirundi, Kichewa na Kiingereza, na hakuna aliyewahi kuniona nimelewa. Nilimwomba anipe wiki moja nifikirie. Alipoondoka, mama yangu, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, alisema neno moja tu: "Usiku utamkamata mtoto wa watu, asubuhi utakutana na mama yake kwenye foleni ya maji. Utamwambia nini?"

Insha hii ni jaribio la kumjibu mama. Swali lake ni la nyumbani, lakini ndani yake kuna swali la falsafa ya maadili ambalo tumelisoma darasani bila kulimaliza: ni kitu gani hasa kinachompa mtu sifa ya kumkamata mtu mwenzake kwa jina la sheria? Je, ni cheti, sare, nguvu za mwili, ujirani, au kitu kingine? Nitapima majibu manne yanayotolewa mara nyingi, kisha nitaeleza jibu ambalo mimi mwenyewe nimelifikia, na mwisho nitasema niliamua nini.

Kwa wasomaji ambao hawajafika Dzaleka, naanza na mahali penyewe. Kambi hii iko wilaya ya Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, ikikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumezidi 50,000, wengi wetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na wachache kutoka Ethiopia na Somalia. Kabla ya hapo, wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Wenyeji husema kwamba jina lenyewe la Kichewa linabeba maana ya "sitarudia tena". Kwa hiyo tunaishi mahali ambapo watu walifungwa kwa jina la sheria bila kutendewa haki. Sidhani kuna mahali panapofaa zaidi kuuliza swali hili.

Ulinzi wa hapa uko mikononi mwa polisi wa Malawi, nao husaidiwa na wakazi wanaojitolea, ambao ndio polisi jamii. Kazi za polisi jamii zinaweza kutajwa kwa mistari michache. Tunazunguka usiku. Tunasuluhisha ugomvi mdogo kabla haujawa mkubwa. Tukimkuta mtu katika kosa, tunamshikilia na kumpeleka kwa polisi. Haturuhusiwi kuhukumu, kutoza faini wala kupiga. Mpaka huo ni rahisi kuuandika, lakini saa nane za usiku, watu thelathini wakiwa wamemzunguka kijana aliyeshikwa na simu isiyo yake, ni mgumu sana kuusimamia.

Jibu la kwanza: nguvu. Lugha yetu yenyewe inaonekana kuliunga mkono jibu hili. Tunalo neno moja, askari, na tunalitumia kwa mwanajeshi anayekwenda vitani, kwa polisi, kwa askari wa magereza, kwa askari kanzu, hata kwa mzee anayelinda geti la duka. Mtu anayepambana na adui na mtu anayelinda jirani wanaitwa jina moja. Wengi wetu tuliokimbia vita tulikutana na askari wa aina ya kwanza kabla ya kumjua wa aina ya pili. Nilikuwa na umri wa miaka sita tulipotoka Kongo, na hadi nafika kidato cha kwanza nilikuwa nikivuka barabara kila nikiona sare yoyote, hata ya mlinzi wa benki. Mtoto wa namna hiyo hawezi kukubali kwamba nguvu ndiyo sifa. Nguvu inaeleza kwa nini fulani aliweza kunikamata. Haielezi kwa nini alistahili. Jambazi naye ana nguvu.

Jibu la pili: cheti. Hili ndilo jibu la ofisi zote, na nitatumia mfano wa Kenya kwa sababu unaeleweka vizuri na wasomaji wa Kiswahili. Baada ya Katiba ya 2010, Kenya iligawanywa katika kaunti 47, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Kila kaunti ina askari wake wa kusimamia sheria ndogo: leseni za biashara, usafi, maegesho ya magari, wachuuzi wa barabarani. Wakazi wa Nairobi bado wanawaita kanjo, jina lililobaki tangu enzi za baraza la jiji. Sifa zinazotakiwa kwa kazi kama hii zinafahamika: elimu ya sekondari, afya njema, na cheti cha tabia njema kutoka polisi. Lilongwe nako baraza la jiji lina walinzi wake, na mama yeyote anayeuza nyanya kando ya barabara mjini anajua namna ya kufunga kitambaa chake haraka anapowaona kwa mbali.

Sidharau sifa hizo. Mtu asiyejua kusoma hawezi kuandika maelezo ya mtuhumiwa, na mgonjwa hawezi kuzunguka usiku kucha. Lakini tuangalie cheti cha tabia njema kinathibitisha nini. Kinathibitisha kwamba polisi hawana kumbukumbu ya kosa la mtu huyo. Hakisemi kama ni mvumilivu, kama anajizuia akitukanwa, kama akipewa noti chini ya karatasi ataipokea au ataikataa. Kutokuwa na kosa si sawa na kuwa mwadilifu. Waandishi wa Katiba ya Kenya waliliona hilo, ndiyo maana wakaweka Sura ya Sita nzima kuhusu uongozi na uadilifu. Hata hivyo uadilifu ukishageuzwa kuwa karatasi ya kuambatanisha na barua ya maombi, tunarudi pale pale.

Tena kwa mtu kama mimi kuna tatizo la ziada. Ningeombwa cheti cha tabia njema, ningekipata wapi? Katika nchi niliyoiacha nikiwa na miaka sita, au katika nchi ambayo si yangu? Kama sifa ya kulinda wenzako ni karatasi, basi watu zaidi ya 50,000 hapa hatuna hata mmoja anayestahili. Lakini kila usiku kuna wenzetu wanaozunguka, na watu wanalala.

Jibu la tatu: ujirani. Labda anayestahili kumkamata mtu ni yule anayemjua. Jibu hili lina historia ndefu katika ukanda wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wa magharibi mwa Tanzania walipochoshwa na wizi wa ng'ombe, walijiundia sungusungu. Hawakusubiri mtu awaletee sare. Walipigiana yowe, wakafuata nyayo, wakawarudisha mifugo. Baadaye serikali iliwatambua kisheria. Lakini historia hiyo hiyo ina upande wa pili: watu walipigwa, walitozwa faini na kufukuzwa vijijini bila kufika mahakamani, wengine kwa tuhuma za uchawi tu. Jirani anakujua, lakini kukujua huko ni pamoja na kujua deni ulilomnyima baba yake, na kwamba ulimwoa msichana aliyempenda kaka yake.

Hapa Dzaleka ujirani una ugumu mwingine. Majirani wengine walikuwa pande mbili za vita moja. Doria ya watu wa kabila moja ikimkamata kijana wa kabila lingine, hakuna anayeuliza aliiba nini. Watu wanauliza tu nani alimshika. Plato, katika Jamhuri, aliwafananisha walinzi wa mji na mbwa wa asili nzuri, ambao ni wapole kwa wanaowafahamu na wakali kwa wasiowafahamu. Tulipousoma mfano huo darasani, wenzangu waliupenda. Mimi ulinitia wasiwasi. Mlinzi akiwa na sifa hiyo, mgeni atakuwa na hatia kabla ya kutenda lolote. Sisi ni wageni. Tumekuwa wageni kwa miaka mingi mfululizo, na methali inayosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, haikutufikiria, kwa kuwa hata jembe hatukupewa ardhi ya kulimia.

Jibu la nne: sheria yenyewe. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kwa maana hiyo askari hahitaji sifa ya ajabu. Anahitaji kufuata sheria tu, nayo itamkata yeyote, tajiri au maskini. Jibu hili nimelichukulia kwa uzito kuliko yote, hasa baada ya kuisoma Katiba ya Malawi ya 1994. Kifungu cha 153 kinasema polisi wapo kulinda usalama wa umma na haki za watu walioko Malawi. Nilikisoma mara tatu kuhakikisha kwamba hakikusema "raia". Kimesema watu. Kwa maandishi hayo polisi wa nchi hii ni tofauti kabisa na mbwa wa Plato: wajibu wao kwa mgeni ni sawa na wajibu wao kwa mwenyeji. Kifungu cha 42 kinaendelea: anayeshikiliwa aelezwe sababu mara moja, tena katika lugha anayoielewa, na anayekamatwa kwa kosa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, au siku ya kwanza ya mahakama baada ya hapo.

Lakini msumeno haujiendeshi. Kuna mkono unaoushika, na swali letu linahusu mkono huo. Nitatoa mifano miwili kutoka Lilongwe.

Wa kwanza ulitokea nilipoitwa kituo kimoja cha polisi kumtafsiria mzee wa Kongo aliyeshikwa sokoni akituhumiwa kuchukua mfuko wa sukari. Nilipofika, maelezo yalikuwa yameshaandikwa kwamba amekiri. Nilimwuliza mzee kwa Kiswahili kama kweli alichukua. Akashangaa. "Mimi? Ule mfuko nilibebeshwa na mwenye nao nimpelekee kwenye gari." Nikamwuliza kwa nini basi alikiri. Akasema hakukiri. Kila afisa alipomwuliza jambo kwa Kichewa alikuwa akijibu "ndiyo bwana, ndiyo bwana," kwa sababu alilelewa hivyo: mkubwa akisema, unaonyesha kwamba umesikia. Nilimweleza afisa. Alinyamaza kidogo, akauliza maswali yale yale upya, polepole, huku nikitafsiri moja moja, kisha akaichana karatasi ya kwanza na kuandika nyingine. Mwenye mfuko alitafutwa, akapatikana, na mzee akarudi nyumbani jioni hiyo.

Nimeufikiria sana mkono ule uliochana karatasi. Afisa yule alikuwa na sare, cheti na sheria mezani, na vyote vitatu vilikuwapo wakati anaandika maelezo yasiyo sahihi. Kilichoyarekebisha ni kwamba alikubali kuambiwa na kijana mkimbizi kwamba huenda amekosea. Akaona ni afadhali aanze upya kuliko kulinda heshima yake.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Mwezi Machi 2023 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo polisi na wanajeshi wakawakusanya watu Lilongwe. Wengine, pamoja na watoto, walishikiliwa kwanza katika gereza la Maula kabla ya kuletwa kambini. Amri hiyo ilikuwa na msingi wa kisheria. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti kadhaa, likiwemo la uhuru wa kutembea. Mjomba wangu alikuwa na duka dogo la unga na mafuta mjini. Askari waliofika walimweleza sababu kwa lugha aliyoielewa, wakampa muda wa kufunga duka, na mmoja wao akamwambia "pepani, bambo", yaani pole, mzee. Mjomba analikumbuka neno lile hadi leo. Lakini duka halikurudi. Siku hizi anauza vocha za simu juu ya kiti cha plastiki mbele ya nyumba yetu.

Je, askari yule alitimiza wajibu wake? Mwenzangu mmoja wa darasa alisema ndiyo, kabisa: askari si mbunge, hatungi sheria, na kama kila askari angechagua amri za kutii, tungekuwa na sheria nyingi kama idadi ya askari. Mwingine alisema hapana: "pole" haina thamani kama mkono unaosema pole ndio unaofunga duka. Kwa muda mrefu niliegemea upande wa pili, kwa sababu aliyepoteza duka ni mjomba wangu. Sasa naona kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Kuna tofauti kati ya askari kukataa amri asiyoipenda na askari kukataa jambo ambalo sheria yenyewe imelikataza, kama kumpiga aliyekwisha kujisalimisha, kumficha mtu asijue sababu ya kukamatwa, au kumweka ndani zaidi ya muda. La kwanza ni la wabunge na mahakama, na ni la sisi sote tunaoweza kulisemea. La pili ni lake mwenyewe, wala hawezi kumsukumia aliyemtuma. Adabu ya yule askari haikuifanya amri ile kuwa ya haki. Ila ilimwacha mjomba akiwa mtu anayeelezwa jambo. Angeweza kupakiwa kwenye gari kama mzigo.

Kutokana na hayo nafikia jibu langu. Anayestahili kumkamata mwenzake ni yule anayeweza kumweleza mtu huyo sababu, kwa lugha anayoielewa, na kubaki pale kusikiliza jibu. Naliita jibu la maelezo. Lina sehemu tatu. Kwanza, askari aijue sababu mwenyewe. Asiyejua kwa nini anakamata ni chombo cha mtu mwingine. Pili, aweze kuisema mbele ya mkamatwa, mbele ya mama yake, na mbele ya hakimu, bila kubadilisha maneno. Sababu inayosemeka gizani tu si sababu ya kisheria. Tatu, akubali kwamba anaweza kuwa amekosea, na kuwe na mahali pa kumshtaki akikosea. Sheria ya Polisi ya Malawi ya 2010 iliweka tume huru ya kupokea malalamiko dhidi ya polisi. Wengine huiona kama dharau kwa askari. Mimi naona ndiyo inayomstahilisha, kwa sababu anayeweza kuulizwa ndiye anayeweza kuaminiwa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mwizi mwenye panga hasubiri maelezo. Ni kweli, na sisemi askari atoe hotuba huku panga liko hewani. Mtu hushikwa kwanza, huelezwa baadaye. Lakini "baadaye" lazima ifike, na ifike mapema. Nimeona watu wakishikwa kwa haraka iliyohitajika, kisha maelezo yakasahaulika kwa sababu hatari imepita na aliyeshikwa hana wa kumwulizia. Kwa mkimbizi asiyejua lugha ya ofisi, pengo hilo linaweza kuwa la siku nyingi.

Wiki ilipoisha nilimwendea kiongozi wa mtaa nikamwambia nakubali, kwa masharti matatu. Doria yetu ichanganye watu wa jamii tofauti, ili asikamatwe mtu na kabila. Kila tunayemshikilia aambiwe sababu kwa lugha yake kabla hajafikishwa kwa polisi. Na usiku huo huo mmoja wetu aende kuijulisha familia yake. Alicheka akasema hayo ni mambo ya wasomi, lakini akakubali, kwa kuwa watu wa kujitolea ni wachache.

Mwezi wa nne wa kazi tulimkuta kijana ninayemfahamu vizuri akitoka dirishani kwa watu na betri ya sola. Tulicheza naye mpira tukiwa watoto. Watu walitaka kumpiga. Tulisimama wanne kumzunguka, nami nilipigwa fimbo moja ya bega iliyokusudiwa kichwa chake. Nilimwambia kwa Kirundi kwa nini tunamshika na tunampeleka wapi. Saa tisa za usiku nilibisha hodi kwa mama yake. Nilimwamkia, nikamweleza yote: alikutwa wapi, na nini, yuko wapi sasa, na kwamba ana haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48. Aliniuliza kama alipigwa. Nikamwambia hapana. Akafunga mlango.

Asubuhi mama alinituma maji. Nilimkuta yule mama kwenye foleni, ndoo tatu mbele yangu. Nilimwamkia, hakuitikia. Mpaka leo hajaniitikia, na sidhani nina haki ya kumdai salamu. Lakini majirani walipomwuliza kilichotokea usiku ule, aliwaeleza kama nilivyomweleza mimi, bila kuongeza wala kupunguza. Hilo ndilo jibu nililompelekea mama yangu. Alilisikiliza, akaendelea na maharage yake, kisha akaniambia kesho nimsalimie tena.